Darasa la Waendao Ng'ambo: Sauti Nyuma ya Mlango

Sauti ile ilikuwa yake mwenyewe.

Naam, msomaji, usihangaike kulitafuta gazeti la wiki iliyopita ukidhani ulisoma vibaya. Mwalimu alikuwa amesimama nje ya mlango, mkono kwenye kitasa, mdomo ameufumba. Na ndani ya chumba, nyuma ya ubao ule mwembamba wa mlango, Mwalimu huyohuyo alikuwa anafundisha.

"Tena! Wote kwa pamoja. Ndiyo, mama. Nimeelewa, mama."

Sauti za wasichana zikaitikia kama mwangwi wa kisimani: "Ndiyo, mama. Nimeelewa, mama."

Kwa wewe unayeingia leo hadithini, ngoja nikusogezee kiti. Mwalimu alikuwa akiwafundisha kazi za nyumbani wasichana waliopelekwa ng'ambo na kampuni ya shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Safari. Kutandika kitanda, kupiga pasi, kuogesha mtoto, kujibu kwa adabu. Wakaenda wengi. Akarudi mmoja tu, mkono umepinda kama tawi lililovunjika likaunga vibaya, na huyo Mrejea ndiye aliyemletea Mwalimu habari kwa siri: Kicheko amekufa. Kicheko, yule ambaye akianza kucheka darasa zima linaambukizwa. Alikufa mikononi mwa Mrejea, katika chumba kisicho na dirisha.

Bwana Safari aliapa kwamba ofisi ameifunga. Lakini tangu siku ile Mwalimu hapati usingizi. Akifungua bomba, anamsikia Kicheko. Akiwaita pacha wake waje kula, anaitikiwa na sauti isiyo ya pacha. Ndiyo maana mchana huu alipanda zile ngazi: aone kwa macho yake kwamba chumba ni kitupu, labda roho itatulia.

Chumba hakikuwa kitupu.

Akausukuma mlango.

Kila kitu kilikuwa palepale. Kitanda cha mazoezi, shuka limekunjwa pembe kama bahasha. Meza ya pasi. Mwanasesere wa plastiki ndani ya beseni, jicho moja wazi, jingine limegoma kufunguka. Wasichana wapya wamepangwa kwa safu, vitambaa vyeupe kichwani. Na juu ya kiti chake, kile alichozoea kukaa yeye, ilikuwepo spika nyeusi.

"Ukiambiwa utoe simu, toa," spika ikasema kwa sauti yake, tena kwa upole. "Usibishane. Ni utaratibu wa kazi."

Msichana mmoja akageuka, akapiga ukelele. Mwingine akamshika mkono. "Nyamaza wewe! Ni yeye! Ni Mwalimu wa kwenye spika, yule wa pichani!"

"Shikamoo, Mwalimu!" wakasema wote.

Mwalimu akaitikia, macho kwenye spika.

"Umerudi lini?" akauliza aliye mbele, uso umejaa furaha.

"Kurudi kutoka wapi?"

"Si ng'ambo? Bwana Safari ametuambia ulikwenda kuwatembelea wanafunzi wako, ukaona maisha ya huko, ukahamia. Anasema hata ukiitwa hurudi, mambo yamekunyookea."

Mwalimu alijisikia kama mtu aliyekwenda msibani, akafunua sanda, akakuta maiti ni yeye. Miezi yote hii alidhani anaandamwa na waliokwenda. Kumbe naye amehesabiwa miongoni mwao. Kumbe ndiye chambo.

Akaifikia spika kwa hatua za pupa, akaizima.

Kimya kikaanguka. Kutoka chini, kwa fundi wa masanduku ya bati, nyundo ikasikika ikiendelea na kazi yake. Ko-ko, kwaa. Ko-ko, kwaa. Mapigo mawili mafupi, na moja la kuburuta. Alikuwa amefundisha huku mlio huo ukiendelea mpaka akawa hausikii tena.

Ndipo mtu akacheka.

Kicheko kile kilianzia puani, kikapanda, kikavunjika katikati kama sahani. Mwalimu akageuka kwa kasi. Duniani alikuwa anamjua mtu mmoja tu aliyecheka hivyo, na mtu huyo amezikwa nchi ya watu bila hata jina juu ya kaburi.

"Samahani, Mwalimu," akasema msichana aliyekuwa karibu na beseni, akijifuta povu mikononi. "Nimecheka kwa sababu umeizima spika kama mtu anayeua mende."

"Wewe... wewe ni nani?"

"Mimi mdogo wake Kicheko! Hukunifananisha? Kila mtu anasema tumefanana mpaka kucheka. Dada ndiye anayenivuta niende."

"Anakuvuta vipi?"

"Ananitumia sauti kwenye simu. Ya mwisho ameituma juzi."

Juzi. Mwalimu akalirudia neno hilo moyoni, likakataa kukaa. Mrejea alikuwa ameyafumba macho ya Kicheko kwa vidole vyake kabla ya mvua za masika, na sasa masika yamepita, kiangazi kimepita.

"Niwekee niisikie," akasema.

Msichana akaitoa simu kifuani, akabonyeza kwa fahari. Chumba kikajaa mtu asiyekuwepo.

*"Mdogo wangu, hujambo? Mimi sijambo kabisa. Kazi ni nzuri, na mama mwenye nyumba ana roho nzuri, ananichukua kama mwanawe. Msiwe na wasiwasi nyumbani. Na wewe ukipata nafasi, usisite. Njoo."*

Kabla ujumbe haujafika mwisho, midomo ya Mwalimu ilikuwa inacheza pamoja nao. Alikuwa anaujua neno kwa neno. Kwa nini asiujue? Ndiye aliyeutunga!

Lilikuwa somo la mwisho kabla ya safari. Bwana Safari aliliita zoezi la kupiga simu nyumbani. Kila msichana anasimama, anazungumza mbele ya simu ya ofisi, Mwalimu anasahihisha. "Usiseme haraka. Weka tabasamu kwenye sauti, nyumbani watalisikia." Kicheko alirudia mara kadhaa, kila mara kwa maneno tofauti kidogo, kama Bwana Safari alivyotaka. Kisha akauliza, nusu kwa mzaha: "Mwalimu, mbona tunasema tumefika, na hata ndege yenyewe hatujaiona?"

Naye alijibu nini? "Ni mazoezi tu, mwanangu. Ili siku hiyo usishikwe na kigugumizi."

Darasa likacheka. Na Kicheko akacheka kuliko wote.

"Irudie," Mwalimu akasema sasa. Sauti ilimtoka kama ya mgonjwa.

Msichana akairudia. Safari hii Mwalimu hakuyasikiliza maneno. Alisikiliza nyuma ya maneno. Na pale, kwa mbali, chini ya *"msiwe na wasiwasi nyumbani"*, kulikuwa na mlio.

Ko-ko, kwaa.

Ujumbe ukaisha. Mlio haukuisha. Uliendelea dirishani, ukitokea chini, ko-ko, kwaa, kana kwamba aliyekuwa ndani ya simu ameshuka kwenda kugonga bati.

Wasichana wakatazamana. Mdogo wake Kicheko akaiangalia simu, akaliangalia dirisha, akaiangalia tena simu. Rangi ikaanza kumtoka usoni taratibu.

"Mwalimu," akasema, "huko ng'ambo nako yuko fundi wa masanduku?"

Akamsogelea Mwalimu.

"Mwalimu. Dada alirekodi wapi?"

"Hapa. Hapo uliposimama."

"Lini?"

"Kabla hajaondoka."

"Kwa hiyo sasa yuko wapi?"

"Mwanangu..."

"Usiniite mwanangu! Dada yangu yuko wapi?"

Yapo maneno ambayo Kiswahili kimeyawekea mito ili yasimuumize anayeyapokea. Mwalimu akachukua lililo laini kuliko yote, na bado likatoka na miiba. "Dada yako hatunaye tena."

Msichana hakulia. Heri angelia. Alikaa chini sakafuni, akaibonyeza simu, akaisogeza sikioni. *Mdogo wangu, hujambo? Mimi sijambo kabisa.* Ikaisha. Akaibonyeza tena. *Mimi sijambo kabisa.* Akaibonyeza tena.

Na hapo ndipo lango la chuma la koridoni liliposikika likivutwa, na kufuli likabanwa.

"Nani amezima spika?"

Bwana Safari aliingia na lile tabasamu lake la kupokea wageni, shati limenyooka, manukato yametangulia. Alipomwona Mwalimu, tabasamu halikutoka. Lilisogea tu upande mmoja.

"Ah! Shemeji! Karibu sana. Si ungenipigia, nikakuagizia gari?"

"Uliniambia umefunga."

"Nilifunga, nikafungua. Biashara ni kama mlango, shemeji." Akawageukia wasichana. "Wanangu, pumzikeni kidogo. Mwalimu wenu amechoka na safari."

Akamshika kiwiko, akamtoa hadi koridoni kwa adabu zote. Huko ndiko alikolivua lile tabasamu, kama mtu avuavyo koti akifika kwake.

"Kicheko amekufa," Mwalimu akasema.

"Najua."

"Unajua! Na juzi unamtumia mdogo wake sauti ya maiti?"

"Sauti ile haikuwa ya maiti ilipotamkwa. Wewe ulikuwepo." Akaegemea ukuta. "Hebu tuulizane kitu, shemeji. Hao wasichana wakisimama mahakamani, wataulizwa nani aliwafundisha kutoa simu. Nani? Nani aliwaambia wasimtazame mwenye nyumba machoni? Nani aliwafundisha kusema nimefika salama? Mimi hata sura yangu wengi hawaikumbuki. Lakini sauti yako wataikumbuka mpaka wanakufa." Akazungusha funguo kidoleni. "Wengine wamekwisha kuikumbuka hivyo."

Maneno hayo yakamwingia Mwalimu. Si kwa sababu mtu huyu alikuwa anamtisha. Ni kwa sababu alikuwa anasema maneno ambayo yeye mwenyewe amekuwa akiyasikia kila akilaza kichwa.

"Nenda nyumbani," Bwana Safari akamalizia. "Kaka anakusubiri. Pacha wanakusubiri. Ng'ombe akivunjika guu malishoni, si hurejea zizini? Na wewe rejea."

"Na hawa?"

"Hawa ndege yao ipo."

Mwalimu akalitazama lango. Akazitazama funguo zilizoning'inia kidoleni mwa shemeji yake. Alikuwa hajui la kufanya, na nisikudanganye, msomaji, kwa muda mfupi alifikiri kweli kwenda nyumbani.

Aliyeamua hakuwa yeye.

Ndani, mdogo wake Kicheko alikuwa amesimama. Kilichomshinda hakikuwa habari ya kifo. Ilikuwa ile nyundo. Ilikuwa inagonga ndani ya simu, inagonga nje ya simu, inagonga kichwani. Akalikimbilia dirisha, akalisukuma, akatoa nusu ya mwili nje.

"Fundi! Acha kugonga! Nakuomba, acha! Acha! Acha!"

Nyundo ikaacha.

Barabara nzima ikainua uso. "Kuna nini huko juu?" fundi akapaza sauti.

Msichana mwingine aliyekuwa nyuma akajitokeza dirishani: "Tumefungiwa! Baba, tumefungiwa na kufuli!"

Watu wa mtaani hawahitaji kuambiwa mara mbili. Ngazi zikajaa vishindo. Fundi ndiye aliyetangulia, mzee wa mabega mapana, aproni ya ngozi, nyundo bado mkononi.

"Fungua," akamwambia Bwana Safari kupitia nondo.

"Mzee wangu, haya ni mafunzo tu. Wasichana wana hofu ya kupanda ndege."

"Sijakuuliza habari za ndege. Fungua."

Bwana Safari akafungua, akicheka, akiwaomba radhi watu kwa usumbufu, akimpigapiga huyu bega, akimpa yule mkono. Alishuka katikati ya kundi kama bwana harusi. Watu walipokuja kuuliza yuko wapi, hata vumbi la gari lake lilikuwa limeshatua.

* * *

Kituoni, mpelelezi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Aliwasikiliza wasichana mmoja mmoja bila kumkatiza yeyote. Akawauliza pasi zao za kusafiria ziko wapi. Wakasema anazo Bwana Safari, alizichukua siku ya kwanza. Akawapeleka chumba cha pili wapewe maji, akamwita Mwalimu.

"Kaa, mama. Huyo shemeji yako hakuwahi kuwa na leseni ya uwakala hata siku moja. Kumchukua mtu kwa hila ukampeleka utumwani ni kosa. Kula ada yake kwa kazi isiyokuwepo ni kosa jingine. Na anayewaandaa watu hao, akijua, naye yumo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, afande."

"Basi kabla hujasema lolote, nakuonya: utakalosema naliandika, na linaweza kutolewa mahakamani. Unaweza kunyamaza."

Mwalimu akatazama ukuta. Neno *akijua* lilikuwa limebaki hewani kama nzi. Angeweza kusema hakujua. Nani angembishia? Waliokuwa na ushahidi wamezikwa, na mmoja aliyerudi hasemi na mtu ila yeye.

Akaeleza yote. Shuka, pasi, mwanasesere. Zoezi la simu. Swali la Kicheko na jibu alilompa. Mpelelezi akaandika, na kalamu yake ikasimama mara moja tu.

"Ulijua lini?"

"Siku Mrejea aliponionyesha mkono wake."

"Hawa wasichana wa leo walikuwa wameshajiandikisha?"

"Bado."

"Kwa hiyo ungekuja hapa siku ile, wasingefika kwenye kile chumba."

Mwalimu akafunika uso. "Mume wangu alisema tusubiri. Alisema ni mdogo wake, damu nzito kuliko maji, atazungumza naye. Kila nikiuliza, ananiambia ameshazungumza. Afande, nilisubiri. Nilikuwa nawasikia usiku na mchana, na bado nilisubiri."

Mpelelezi akavua miwani. Sauti yake ilikuwa imelegea kidogo. "Mama, sitakudanganya, hilo nalo lina uzito wake. Lakini uliokuja nao leo wako hai. Ukisimama kuwa shahidi wa upande wa mashtaka, ukasema kama ulivyosema hapa, naamini tutampata. Uko tayari kusimama mbele ya shemeji yako? Mbele ya ukoo mzima?"

"Niko tayari."

Kwa mara ya kwanza tangu kiangazi, kichwani mwake palikuwa kimya. Hakuna aliyemwita. Akasikia feni, akasikia gari likipita nje, akasikia pumzi zake mwenyewe. Machozi yakamtoka, naye akayaacha.

Mlango ukabishwa.

Askari wa mapokezi akachungulia. "Afande, kuna bwana hapa. Anasema ni mume wa huyu mama."

Mwalimu akainuka nusu kwa furaha. Amekuja! Baba Pacha amekuja! Watu waseme watakayo, mume ni mume. Akajipangusa uso kwa kiganja, akaweka kitambaa sawa.

Baba Pacha akaingia. Hakumtazama mkewe. Alikuwa amevaa ile suti ya ndoa, na mkononi ameshika mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Akaufikisha mezani, akaufungua, na pasi za kusafiria zikamwagika juu ya karatasi za mpelelezi.

"Nimezikuta kabatini, kwenye nguo za mke wangu," akasema. "Afande, nimevumilia vya kutosha. Kampuni ile ni yake. Jina ni lake, sahihi ni yake, nenda kaulize kwenye usajili. Mdogo wangu alikuwa dereva tu."

"Baba Pacha!" Mwalimu akasema. "Baba Pacha, nitazame!"

Hakumtazama. "Na kuna msichana," akaendelea, "mwenye mkono uliopinda. Yuko nje kwenye gari, pamoja na mdogo wangu. Yuko tayari kuapa kwamba aliyempeleka ni huyu."

Mrejea!

Mpelelezi alizitazama pasi kwa muda. Alimtazama mume. Kisha akanyanyuka, akazunguka meza, akafunga mlango kwa ndani. Aliporudi kukaa, miwani ilikuwa machoni na ule ulaini wa sauti umekwisha.

"Mama, simama," akasema. "Vua hereni na mkanda, uviweke hapa mezani."